Karatasi ya Risiti

Mwalimu Hermínia anataka mstari wa miaka:
thelathini na tisa hadi arobaini na tano,
"Nchi yetu wakati wa vita",
matukio kumi, picha tatu, Jumatatu asubuhi, bila visingizio.
Buluu juu ya mstari kwa waliouzwa kitu upande huu,
nyekundu chini kwa upande ule.
Kila tukio rangi moja.

Manila hatuna. Nikachomoa dukani
roli zima la karatasi ya risiti, nikalisukuma sakafuni,
likajifungua lenyewe hadi chini ya jiko.
Paka akalifuata.

Violante amepiga magoti, kifuniko cha kalamu menoni.
Thelathini na tisa, Septemba: *Tumetangaza hatuna upande.*
Anachora mizani kama ile nipimiayo maharage,
sahani zote mbili tupu, sawasawa.
Arobaini: wakimbizi Lizboni, foleni za viza, meli.
Arobaini na tatu: visiwa vya Azori, ndege za Waingereza.
Kisha anainua uso.
"Baba, na sisi hapa? Vale da Urze ilifanya nini?"

Sisi tulichimba, mwanangu.
Jiwe jeusi, dogo kwa macho, zito kama deni.
Wolframu. Huko liendako huifanya chuma kuwa ngumu,
na risasi ikapenya kifaru kama sindano kwenye leso.
Wajerumani walilipa.
Waingereza walilipa zaidi, hata lisilowafaa,
mradi tu Wajerumani walikose.
Na Adelino, babu yangu nisiyemwona,
alitoka usiku na taa ya kabaidi, akachimba hata mashamba ya watu,
Jumanne akamuuzia huyu, Ijumaa akamuuzia yule.
Mkono mtupu haulambwi.

Alinunua kalamu mbili za wino, klipu za dhahabu,
akazichomeka kifuani kwenda misani,
yeye asiyejua kuandika hata jina lake.
Kwenye risiti alitia dole gumba.

(Moja ninayo, kwenye droo ya vijiko.
Violante ameijaribu. Inakwaruza karatasi, haitemi kitu.)

Arobaini na nne, Juni: serikali imepiga marufuku.
Mashimo yakaachwa wazi.
Mbuzi wawili wa bibi Deolinda wakatumbukia,
na hilo ndilo alilolisimulia maisha yake yote kuhusu vita:
mbuzi wawili, mmoja ana mimba.

"Sasa nimpake rangi gani?"
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta gundi.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru; ndivyo wasemavyo.
Na iwe hivyo. Ila kunguru wetu alikohoa.
Vumbi la jiwe lilimkalia mapafuni kama mpangaji asiyelipa kodi,
na usiku Deolinda alijua saa kwa kikohozi,
si kwa kengele ya kanisa,
mpaka hamsini na nane, mwezi wa Februari,
alipoamka kwa ukimya.

Mkasi uko wazi kwenye arobaini na tano.
Violante anapima: mwaka mmoja, shubiri tatu.
Anahesabu kwa kiganja, anatambaa,
anapita mlango wa jikoni, anapita ukumbi,
karatasi nyeupe tupu inamtangulia,
hamsini, hamsini na moja,
hadi kwenye viatu vyetu vyenye matope.
Hapo anaomba penseli.
Si buluu, si nyekundu.

Ameandika kitu kidogo sana.
Miwani yangu ilikuwa mezani, nami sikuifuata.

"Mwalimu atanikata alama," anasema, akiviringisha.
Atakukata, ndiyo.
Mkasi ameurudisha kwenye ndoano yake.

Nami kesho dukani sina risiti.
Atakayenunua maharage
itabidi aniamini kwa mdomo.